Uzi: Mastaa trans wa sinema ya andagraundi ya New York, filamu zilizunguka dunia, hela yao ilikwama wapi?

MtuWaRola
Wakuu habari za jioni. Nina swali linanikosesha usingizi tangu juzi, nikasema nilitupe humu maana kuna watu wa filamu kweli kweli.

Sinema ya andagraundi ya New York, zile filamu za nje ya studio kubwa, miaka ya 60 kuingia 70. Candy Darling, Holly Woodlawn, Jackie Curtis. Enzi hizo polisi wa jiji walikuwa wanambeba mtu kwa sababu ya nguo alizovaa tu, mwanamke trans, yaani aliyezaliwa akahesabiwa mwanamume ila anaishi kama mwanamke, akitoka nyumbani hajui kama atarudi au atalala lokapu. Hao hao ndio wakawa mastaa kwenye filamu zilizotoka kwa msanii Andy Warhol, dairekta Paul Morrissey. Holly kwenye Trash ya 1970 aliigiza mpaka George Cukor, mtu mzito wa Hollywood, akaanza kutafuta wenzake wamuunge mkono ili apendekezwe Oscar. Haikutoka kitu. Candy alifariki Machi 1974, saratani, miaka 29.

Sasa swali. Filamu zilionyeshwa, watu walilipa viingilio. Mwenye ukumbi alikula, msambazaji alikula, mkata tiketi alikula. Aliyekuwa kwenye skrini alipewa posho ya siku za kushuti, basi. Mimi nimebeba kanda na baadaye diski za watu Kariakoo miaka tisa, duka hadi duka, na msimamo wangu ni kwamba anayeshika kopi ndiye anayeshika hela. Tatizo lilikuwa usambazaji, sio jinsia. Anayepinga aje na hoja.

Kaptula_Kijani
Napinga mkuu. Umesema sio jinsia na aya moja juu umesema polisi walikuwa wanawabeba kwa mavazi. Mtu ambaye akienda kituoni au kwa wakili kitu cha kwanza anaulizwa "wewe ni nani hasa", atamdai nani malipo yake? Anayejua huna pa kushtaki ndiye anayekulipa anavyotaka. Usambazaji umekuja baadaye tu.

Jirani_wa_Projekta
Wote mnasahau kitu. Wale wa Warhol wote walilipwa posho, trans na wasio trans, wengine walilipwa chakula cha jioni na kupigwa picha. Andagraundi maana yake ndio hiyo, hakuna chama cha waigizaji, hakuna mkataba, mtu anaitwa staa halafu anarudi kwa miguu. Kwahiyo tusiseme wameonewa kwa sababu ya kuwa trans wakati hata wenzao walionewa vilevile.

Kaptula_Kijani
@Jirani_wa_Projekta sio vilevile. Asiye trans akitoka hapo alikuwa na uwezo wa kwenda kutafuta kazi kwingine, Ulaya, matangazo, filamu za kawaida. Candy aliota Hollywood maisha yake yote, Hollywood haikufungua mlango. Posho sawa, njia ya kutokea sio sawa.

Salome_Berlin
Jamani mnachanganya mifumo miwili, naomba nitenganishe kabla hamjafika mbali.

Wa kwanza ni wa akina Warhol: filamu ni mali yake, yeye anaamua ionyeshwe wapi. Women in Revolt, wamo wote watatu, Candy, Holly na Jackie, ikakosa msambazaji ikabidi akina Warhol wenyewe wakodi ukumbi New York 1972. Halafu kwenye hiyo hiyo miaka ya mwanzo ya 70 Warhol akaziondoa filamu zake za zamani kwenye mzunguko, zikakaa kabatini mpaka miaka ya 80 ndipo majumba ya makumbusho yakaanza kuzitengeneza na kuzirudisha.

Wa pili ni ushirika. Film-Makers' Cooperative, New York, 1962, mtengeneza filamu Jonas Mekas na wenzake. Pale hakuna kamati ya kuchagua, unaleta filamu yako inapokelewa, unabaki mwenye mali, ushirika unaikodisha kwa vyuo na vilabu vya filamu na sehemu kubwa ya kodi inarudi kwako. Mfumo wa haki kuliko wote niliowahi kuusoma. Lakini angalieni, hiyo "kwako" ni ya dairekta. Mwigizaji hayumo kwenye hesabu. Hata kwenye mfumo wa haki kabisa, Candy asingeonekana kwenye daftari.

MtuWaRola
@Salome_Berlin dada hapo umenigusa penyewe. Ndio maana nasema usambazaji. Shukran sana.

Fundi_Siki
Mimi natoka upande wa kopi zenyewe, nimefanya kazi ya kukagua mikanda ya zamani kwenye hifadhi moja, nchi sitaji. Naongeza maelezo ya tatu, nayo ni polisi na mahakama.

Flaming Creatures ya Jack Smith, 1963. Ilipigwa juu ya paa la jumba la sinema la zamani, kwa mikanda iliyopita muda wake, ndio maana picha inang'aa kama ina ukungu wa maziwa. Desemba ile ile tamasha la Knokke kule Ubelgiji likakataa kuionyesha, Mekas akawa anaiwasha chumbani kwake hotelini watu wanabanana kitandani na sakafuni. Machi 1964 polisi wakavamia onyesho New York, wakachukua mkanda na vifaa, wakamkamata Mekas, Ken Jacobs na Florence Karpf aliyekuwa anauza tiketi. Walikutwa na hatia, kifungo kikasimamishwa. Na 1968 seneta Strom Thurmond akawawashia maseneta wenzake filamu hiyo hiyo ili kumkwamisha Abe Fortas asiwe jaji mkuu. Yaani raia akiionyesha anashtakiwa, bungeni inaonyeshwa mchana kweupe.

Sasa filamu ikishapigwa muhuri wa uchafu, mwenye ukumbi wa kawaida haikodi. Inabaki kwenye vyuo na vyumba vya nyuma. Hela ya kugawana haipo toka mwanzo, sio kwamba kuna mtu kaificha.

MwanaKisauni
Swali la mtu asiyejua. Hao wa Flaming Creatures nao walikuwa trans? Naona humu kila mtu anaitwa trans.

Salome_Berlin
@MwanaKisauni swali zuri na hapa tuwe waangalifu. Mario Montez aliyecheza mle alikuwa mwanamume wa Puerto Rico, alivaa nguo za kike kwenye kazi tu, na mwenyewe alipenda kusema anaingia kwenye vazi lake la kuigizia. Jina alilitoa kwa Maria Montez wa Hollywood. Alikuwa Mkatoliki na jambo hilo lilimsumbua. Baadaye alihamia Florida akanyamaza miaka mingi, akarudi uzeeni, na 2012 akapewa tuzo ya heshima ya Teddy hapa Berlin. Jackie Curtis naye alivuka huku na huku, siku ya gauni na siku ya ndevu, lebo moja haimtoshi. Candy na Holly ndio waliishi kama wanawake. Tusiwabandike watu jina moja kwa sababu linatufaa kwenye uzi.

Jirani_wa_Projekta
Na Divine wa Pink Flamingos? Maana hiyo ndio kila mtu anaijua.

Fundi_Siki
Divine hakuwa trans, alikuwa msanii wa jukwaani. Ila kwenye filamu hiyo hiyo ya John Waters ya 1972 yumo Elizabeth Coffey, mwanamke trans, watu humruka. Na hiyo ndio mfano mzuri wa usambazaji kwa sababu ilichukuliwa na New Line, kampuni ambayo Robert Shaye aliianzisha 1967 nyumbani kwake akikodisha filamu kwa vyuo. Wakaiweka ukumbi wa Elgin, New York, saa sita za usiku, wiki baada ya wiki. Ukumbi ungekuwa mtupu saa hizo kwahiyo mwenye ukumbi hakuwa na cha kupoteza. Gazeti halihitajiki, watu wanaambizana.

Bint_Tandika
Hiyo ya saa sita usiku imenikumbusha kibanda umiza cha kwetu Tandika. Mchana zinapigwa za kivita zenye sauti ya mtafsiri juu yake, watoto hamsini kwenye mabenchi, joto mpaka ukuta wa mabati unatoa jasho. Usiku watu wakipungua mwenye kibanda anaweka zile ambazo hajui hata zinahusu nini, kanda kanunua kwa kilo. Niliona filamu moja nyeusi na nyeupe ya Kijapani pale, sikujua jina miaka ishirini. Kijana mzuri kama malaika yuko mbele ya kioo anajipaka wanja. Watu walicheka mwanzo halafu wakanyamaza. Sijasahau ule ukimya.

Salome_Berlin
@Bint_Tandika inanukia Funeral Parade of Roses ya Toshio Matsumoto, 1969! Wanja na kioo ndio yenyewe. Aliyecheza anaitwa Peter, baadaye akacheza chale wa mfalme kwenye Ran ya Kurosawa 1985. Na hiyo ni njia ya nne kabisa: Japani kulikuwa na Art Theatre Guild, wana kumbi zao wenyewe ikiwemo ya Shinjuku, na walikuwa wanaweka nusu ya bajeti. Anayetoa hela ndiye mwenye mlango wa kuonyeshea. Kwahiyo filamu haizururi kutafuta msambazaji.

Bint_Tandika
Nimetetemeka. Naenda kuitafuta sasa hivi. Asante dada angu.

Kaptula_Kijani
Tukirudi kwenye mada. Mnaongelea 1964 utadhani ndio mwisho. Paris Is Burning ya 1990 je? Dokumentari ya maboli ya New York, yale mashindano ya kucheza na kutembea jukwaani, imejaa watu trans na mashoga weusi na Walatino. Miramax wakaichukua, ikaingiza mamilioni ya dola. Waliokuwemo walipokuja kudai, wakagawiwa kama dola 55,000 watu 13. Na Paris Dupree ambaye jina la filamu lilitokana na boli lake alidai dola milioni 40 na hakupata. Hapo msambazaji yupo, mkubwa tena, ukumbi umejaa, hela ipo. @Fundi_Siki hela ilikuwepo safari hii, na bado haikufika. Kwahiyo nadharia ya polisi imeanguka.

Fundi_Siki
Haijaanguka, inahusu filamu nyingine. Na dokumentari kawaida hailipi waliomo, hoja yenyewe ni kwamba ukimlipa anayesimulia atasema unachotaka. Sisemi ni haki, nasema ndio utamaduni wao.

Kaptula_Kijani
Utamaduni wa nani? Wale walikuwa wanacheza, wanatembea jukwaani, wanaonyesha kipaji walichokifanyia mazoezi miaka. Hiyo ni kazi. Ukipiga harusi yangu picha ukaiuza dunia nzima, mpishi wa harusi hatakuwa "msimulizi".

NgongRoad_254
Wasee na hapa kwetu? Rafiki ya Wanuri Kahiu ilienda Cannes 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kufika pale, na nyumbani ikapigwa marufuku. Korti ikaifungulia siku saba pekee Septemba 2018. Nilipanga foleni Prestige, Ngong Road, saa nne asubuhi siku ya kazi, na watu walikuwa wamejaa mpaka ngazi za chini. Hiyo ndio usambazaji wa siku saba.

Jirani_wa_Projekta
Rafiki ni ya wasichana wawili wanaopendana, haihusu trans.

NgongRoad_254
Najua boss, sijasema inahusu. Nasema mlango ni ule ule na aliyeufunga ni yule yule. Stories of Our Lives ya kikundi cha Nest 2014 vilevile, ilionyeshwa Toronto, kwao Nairobi haikuruhusiwa. Sheria hazibagui herufi.

KampalaUsiku
Kwa upande wa trans hasa, Uganda kuna The Pearl of Africa, dokumentari ya dairekta wa Sweden kuhusu Cleopatra Kambugu. Kabla haijafika tamasha la Hot Docs kule Toronto 2016 ilianza kama vipande vifupi mtandaoni. Hapo hakuna ukumbi, hakuna bodi, hakuna mtu wa kubeba kanda. @MtuWaRola kazi yako ya Kariakoo imekwisha hahaha.

MtuWaRola
Imekwisha kitambo kaka, niliuza boksi la mwisho la diski kwa bei ya plastiki. Ila mtandao nao una mwenye mlango, humuoni tu.

Zuhura_wa_Nairobi
Nimesoma uzi wote toka juu na nimefikiria sana kama niandike. Naandika.

Mimi ni mwanamke trans, Nairobi. Nilicheza filamu fupi miaka kadhaa iliyopita, siku nne, nafasi ndogo ila ilikuwa na sini moja niko peke yangu jikoni nakaanga chapati naongea na mama kwenye simu, na sini ile naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nililipwa nauli na chakula. Nikasaini karatasi moja bila wakili. Ndani kuna maneno "duniani kote na kwa njia zote".

Nyinyi mnasema usambazaji ulikuwa mdogo ndio maana hawakupata hela. Kwangu mimi usambazaji ndio uliokuwa hatari. Niliomba isionyeshwe Kenya, wakakubali, ikazunguka matamasha ya nje nikafurahi. Halafu kuna mtu akarekodi skrini, ile sini ya jikoni, dakika moja na nusu, ikaingia WhatsApp. Ikamfikia shangazi yangu Eldoret. Shangazi alinitambua kwa mkono, namna ninavyogeuza chapati bila mwiko, yeye ndiye alinifundisha. Nilihama nyumba wiki ile.

Kwahiyo nikisoma kwamba Mario Montez alitumia jina la jukwaani akanyamaza Florida miaka yote, ninyi mnaona staa aliyesahaulika. Mimi naona mtu aliyepumzika.

MtuWaRola
Dada Zuhura pole sana. Na asante kwa kuandika. Mimi sikuwahi kuliwaza hilo. Miaka yote tisa nilijua kopi nyingi ni heri tu.

Bint_Tandika
Pole mpenzi. Shangazi mnaongea sasa?

Zuhura_wa_Nairobi
Tunaongea Idi na Krismasi. Hajawahi kuitaja. Ila mwaka jana alinitumia unga.

Fundi_Siki
Dada Zuhura umenikumbusha jambo la Jack Smith ambalo siku zote nimelisoma kama ukichaa wa msanii. Baada ya Flaming Creatures kuchukuliwa na kesi na makala na maprofesa alikasirika, hasa na Mekas, akaona filamu yake imegeuzwa bendera ya watu wengine. Tangu hapo hakumaliza tena filamu yoyote. Alikuwa anakuja na mikanda yake mwenyewe, na wakati projekta inaendelea kuzunguka anakata na kuunga upya kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata, kila onyesho likawa tofauti. Alifariki 1989, UKIMWI. Hakuna anayeweza kuisambaza filamu ambayo haijaisha. Sasa nadhani alijua anachofanya.

Jirani_wa_Projekta
Gundi ya karatasi kwenye projekta?? Inanasa kwenye meno, inachoma picha.

Fundi_Siki
Inanasa kweli. Mikanda yake kuitengeneza ilikuwa kazi kubwa kwa waliookoa vitu vyake. Na mikanda ya enzi ile kwa ujumla ukifungua kopo unakutana na siki, harufu ya kachumbari iliyolala, inakupanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Mkanda umesinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya mashine. Ukiona hivyo hauiwashi, unaipeleka maabara fremu moja moja. Hiyo nayo ni sababu, filamu nyingi ndogo hazikufichwa na mtu, zimekuwa siki tu kwa sababu hakuna aliyelipia chumba chenye baridi.

KampalaUsiku
Kuna mfano wa upande wa pili ili tusiondoke na huzuni tupu. Tangerine ya Sean Baker, 2015, Los Angeles, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s. Mya Taylor na Kitana Kiki Rodriguez, wanawake trans wawili wanacheza wahusika wakuu. Magnolia wakaichukua baada ya tamasha la Sundance na msambazaji mwenyewe akafanya kampeni ya Oscar kwa ajili yao. Oscar haikuja ila Mya akachukua tuzo ya Independent Spirit 2016. Miaka 45 baada ya Holly. Safari hii aliyezunguka kutafuta kura ni msambazaji, sio Cukor peke yake kwa huruma zake.

Kaptula_Kijani
Tuzo nzuri. Kazi baada ya tuzo ndio naiulizia kila siku.

MwanaKisauni
Samahani kuwakatiza, huku Mombasa tuna kikundi cha kuangalia filamu kila mwisho wa mwezi, tukitaka kuonyesha moja ya hizi kihalali tunaanzia wapi na gharama ikoje?

Salome_Berlin
@MwanaKisauni andikia mwenye haki moja kwa moja, ushirika wa New York bado upo, na taasisi ya filamu ya Arsenal hapa Berlin wana filamu za Jack Smith. Sema idadi ya viti na kama kuna kiingilio. Vikundi vidogo mara nyingi wanavisikiliza. Na fikiria usalama wa watakaokuja, sio filamu tu, nani yuko mlangoni, nani anapiga picha ukumbini.

Zuhura_wa_Nairobi
Na simu zikae kwenye kikapu mlangoni. Tafadhali.

MtuWaRola
Nimekaa na uzi huu siku mbili sasa. Kuna vijana wawili Mbagala wananiomba niwasaidie karatasi za filamu yao, wana mwigizaji mmoja trans, na nilikuwa nataka kuwapa mkataba ule wa zamani wa Kariakoo. Nimeuchana. Nimeandika vipengele vitatu. Kwanza kila aliyeonekana kwenye skrini ana fungu lake kwenye kila kiingilio na kila mauzo, asilimia imeandikwa. Pili mwigizaji anachagua jina litakaloonekana na anaruhusiwa kulibadilisha baadaye. Tatu mwigizaji anaweza kuzuia nchi au mji wowote, hata filamu ikiwa imeshauzwa. @Zuhura_wa_Nairobi dada, nimekosea wapi?

Zuhura_wa_Nairobi
Ya pili weka na sauti, sio jina tu. Watu wananijua kwa sauti. Na ya kwanza weka tarehe ya kulipa, "fungu" bila tarehe ni stori.

Jirani_wa_Projekta
Ya tatu haitafanya kazi. Hakuna msambazaji atanunua filamu ambayo mtu mmoja anaweza kuifunga kesho. Vijana wa Mbagala watakaa nayo kwenye flashi.

Kaptula_Kijani
Basi wakae nayo kwenye flashi mpaka apatikane anayekubali.

Jirani_wa_Projekta
Na mwigizaji naye alipwe kutoka wapi hapo kaka? Fungu la sifuri ni sifuri. Mtaje basi hiyo asilimia ili tuijadili na namba.

MtuWaRola
Nitaileta Jumatatu, vijana wanakuja nyumbani Jumapili na mwigizaji wao anakuja pia. Nataka niisikie kutoka kwake kwanza.